Siku Kivuli Alipotangulia

Baba alivaa lile shati lake la mitihani, nikajua leo hakuna mchezo. Ni shati la bluu la mikono mirefu, na hulitoa kabatini siku za mitihani ya mwisho na siku za misiba tu. Jumapili ile hakuna aliyekuwa amefariki. Mtihani ulikuwepo mmoja, na mtahiniwa alikuwa bado yuko njiani.

"Huyo kijana wako anafika lini?" aliniuliza huku akifunga vifungo mbele ya kioo.

"Alasiri hii hii, baba. Alishasema atawahi."

"Mkimbiaji anayejitambua hufika kabla ya wakati."

"Mwache mtoto wa watu afike kwanza, Mwalimu," mama alisema bila kuinua macho kwenye cherehani yake. "Hata kiti hajakikalia, umeshaanza kumsahihisha."

Mama humwita baba Mwalimu, hata wakiwa wawili. Baba ni mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, na nyumba yetu ni ya walimu, imepakana na uwanja kiasi kwamba dirisha la sebuleni linatazama kona ya mwisho ya mbio. Nilijifunza kukimbia kabla sijajifunza kusuka nywele zangu mwenyewe. Miaka yangu yote ya sekondari, wasichana niliokimbia nao mbio ndefu walinijua kwa mgongo. Sijisifu, waulizeni wenyewe. Vikombe vilijaa kabatini hadi mama akaona ni ufujaji wa nafasi, akaanza kuhifadhia humo vifungo na zipu.

Kisha nikaenda chuo, na huko mguu ukagoma. Mwaka wa kwanza nilikimbia vilevile nilivyokuwa nikikimbia shuleni. Mwaka wa pili nikashuka kidogo. Wasichana ambao zamani sikuwa hata nawajua majina walianza kunipita, na wengine walinisalimia wakati wakinipita, "Pole dada," kwa heshima zote. Heshima ile iliniuma kuliko matusi.

Na ni mwaka huohuo wa pili nilipompenda Kivuli.

Baba aliyachukua mambo hayo mawili, akayajumlisha, akapata jibu lake. Likizo ilipoanza aliniita barazani. "Mlete nimwone," aliniambia. "Nikimwona ni mtu wa kukujenga, sitasema kitu. Nikiona siye, mtaachana, na likizo yote utafanya mazoezi hapa, chini ya macho yangu." Baba hapigi kelele. Akiteremsha sauti namna ile, ujue limekwisha. Na mimi, pamoja na ujuaji wangu wote wa chuo, sikuwa nimewahi kuvuka neno lake hata siku moja. Tatizo ni kwamba sikujua pia kama ningeweza kuachana na Kivuli nikabaki mzima.

Alifika mapema. Nilimwona dirishani, mfuko wa machungwa mkononi, suruali imepigwa pasi hadi ina makali. Uwanja ulikuwa mtupu na njia ya mkato ilikuwa wazi, lakini aliuzunguka wote kwa nje, akitembea pembeni mwa mistari ya chokaa bila kuikanyaga.

"Hakukatiza uwanja," baba alisema nyuma yangu. Hata sikujua kuwa naye alikuwa anachungulia.

"Umeona, eh?" mama alisema. "Ana adabu."

"Ana adabu ya uwanja. Tutaona ya nyumbani."

Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kuliko nilivyowahi kwenda mimi. Kivuli si mtu wa kutazamwa mara mbili barabarani. Ni mrefu, mwembamba, masikio yamesimama kidogo, na akinyamaza unaweza kusahau kuwa yumo chumbani. Ila ana macho ya mtu anayesikiliza. Akikutazama huku unaongea, unajikuta unasema hata ulichokuwa umeapa kukificha. Wenzetu wa timu ndio waliompa jina hilo, kwa sababu tangu tulipoanza mazoezi pamoja alikimbia nusu hatua nyuma ya bega langu la kulia, kila asubuhi, na hakuwahi kunipita.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," baba alimjibu. "Karibu ukae."

Alikaa kwenye ncha ya kiti, magoti pamoja. Mama alipokea machungwa, akamshukuru, akarudi kwenye gauni la mteja wake na pini zake mdomoni. Cherehani ilikuwa humo humo sebuleni, na mama alikuwa na tabia ya kushona zaidi wageni wanapokuja, apate kusikiliza bila kuonekana anasikiliza.

"Shuleni kwenu ulikuwa unashika nafasi ya ngapi?" baba alianza. Hakuuliza habari za njiani.

"Kwa kweli sijui, Mwalimu. Nilipokuwa nafika, waliokuwa wanaandika nafasi walikuwa wameshakwenda kula."

Mama alicheka puani, pini zikatikisika. Baba hakucheka, lakini niliona mdomo wake ukijibana.

"Na sasa?"

"Sasa nasogea kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo!" Baba aliinama mbele. "Mimi nilikuja kwenye mashindano ya vyuo mwezi uliopita. Nilikuja kumtazama binti yangu. Nikaishia kukutazama wewe. Watu walipoanza kukata pumzi, wewe ndiyo kwanza ulikuwa unaanza."

"Asante, Mwalimu."

"Sijakusifu. Nauliza." Baba alikuna kidevu, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimewahi kumsikia akilisema mbele ya mgeni. "Nimefundisha watoto miaka mingi, kijana. Kila niliyemng'arisha, akifika chuoni anazima. Mmoja alirudi hapa likizo, nikamwambia twende uwanjani, akaniambia magoti yanamuuma. Mwingine aliacha kabisa, sasa ni muuguzi, tukikutana tunaongea habari za dawa tu. Huyu hapa ndiye niliyemtegemea. Wewe unasomea tiba ya viungo. Niambie basi, huko chuoni mnawafanya nini watoto wangu?"

Kivuli alitazama mikono yake kwanza.

"Si wote wanaozima, Mwalimu. Tuna dada mmoja wa mwaka wa mwisho, alikuja na sifa kama za binti yako na hadi leo anapanda. Lakini ni kweli, wengi waliokuja wakijulikana husimama. Wengine mwili unabadilika, wengine wanachoka roho. Sisi tuliokuja hatujulikani ndio tunaoonekana tunapanda, na si kwamba tuna maajabu. Tulianzia shimoni. Ukiwa shimoni, kila hatua ni ya kupanda. Kocha wetu anasema alitupokea sisi tukiwa wabichi, na binti yako alimpokea ameshaiva. Na tunda bichi ndilo linaloonekana likibadilika rangi."

"Sawa," baba alisema. "Na lililokwisha kuiva? Linafuata kuwa nini?"

Cherehani ilinyamaza. Nilitazama sakafu. Swali lile nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo mwaka mzima, sikuwahi kumwambia mtu, na sasa baba yangu alikuwa ameliweka mezani kama mtu anayeuliza bei ya sukari. Sikuwa hata nimetimiza miaka ishirini na moja. Je, nilikuwa nimeshamaliza?

"Mtu si tunda, Mwalimu," Kivuli alisema taratibu. "Hata kocha anajua mfano wake unaishia pale."

Alinitupia jicho aliposema hivyo, mara moja tu, na nikahisi joto hadi kwenye masikio. Kama mtihani ungeishia hapo, angefaulu. Lakini baba hajawahi kumwacha mwanafunzi aondoke kabla ya swali la mwisho.

"Mazoezini mnakimbia pamoja?"

"Kila asubuhi."

"Nani hutangulia?"

"Yeye."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na wewe unachoka?"

Kivuli alisita, nami kwa kiherehere changu nikamjibia. "Anachoka sana, baba! Anahema nyuma yangu hadi namhurumia. Yeye ni mtu wa mashindano. Mazoezini huwa mzito."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Yeye mwenyewe."

Baba aligeuka, akamtazama Kivuli kwa muda mrefu. "Kijana. Mtu aliyekimbia nilivyokuona ukikimbia hawezi kuhema nyuma ya binti yangu. Wala nyuma ya msichana yeyote wa chuo chenu. Mimi magoti yamezeeka, macho bado."

Mapenzi nayo ni kitu cha ajabu. Jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeling'amua, mimi nililipita mwaka mzima nikiwa nimefumbua macho. Nilikuwa nimeona nafasi zake za mashindano, nilikuwa nimempigia makofi hadi viganja vikaniwaka, na asubuhi yake nilimwamini akiniambia mguu mzito. Nilitaka kuamini, basi.

"Si kweli," nilisema. "Mwambie baba si kweli."

Kivuli alinitazama. Hakuinamisha uso, na hilo namshukuru hadi leo.

"Ni kweli," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka huu uanze."

"Na jioni? Jioni ulikuwa unakwenda maktaba."

"Nilikuwa narudi uwanjani. Kufanya mazoezi yangu."

Ningeambiwa kuna msichana mwingine huko maktaba, ningejua la kufanya. Ningelia, ningemtukana, na wenzangu wa bwenini wangenipokea zamu ya kutukana nikichoka. Lakini mtu akikudanganya kwa kubaki nyuma yako, unamtukana tusi gani? Nilikaa tu, mikono mapajani, machozi yakinilenga na hasira ikiyazuia.

"Basi," baba alisema, na sauti ikateremka. "Mimi nimesikia nilichotaka kusikia. Mtu anayekudanganya mwendo wako hawezi kukujenga. Kijana, una adabu, na una mguu. Lakini kwa binti yangu..."

"Mwalimu." Mama alikuwa ametoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye mkono wa gauni. "Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Yale mashindano waliyokuja wale wasichana wakali wa shule za mbali. Mwaka wa mwisho wa binti yako sekondari. Mbona hukumpeleka?"

"Alikuwa na mafua."

"Nani alikuwa na mafua?" niliuliza.

Baba alikohoa. Mama alimngoja amalize kukohoa.

"Ulimwambia mwalimu mkuu ana mafua," mama aliendelea, pole pole kama anayefumua mshono. "Mtoto alikuwa hapa nyumbani anafua, mzima wa afya. Nikakuuliza, ukaniambia unataka azoee kushinda. Basi akazoea. Sasa amekutana na mgongo wa mwenzake, hajui hata ni kitu gani."

Baba alifungua kifungo cha juu cha shati la mitihani. Sikuwa nimewahi kumwona akikosa la kusema, na kusema kweli sikufurahi kuliona.

"Nilikuwa nakulinda," aliniambia hatimaye.

"Najua, baba."

"Wangekuvunja moyo."

"Huenda. Lakini moyo ulikuwa wangu."

Kivuli alikuwa anatazama zulia, na baba naye akawa analitazama. Wanaume wawili wanaonipenda kuliko wote duniani, wamekaa kila mmoja kwenye kiti chake, wameniweka mbele kwa hila ileile na hawakuwahi hata kukutana kabla ya siku ile. Kidogo nicheke. Kisha nikainuka.

"Kivuli, umekuja na raba?"

"Nimekuja na viatu vya ngozi. Nilikuja kusalimia."

"Baba, mpe raba zako."

"Zitampwaya."

"Nitazijaza vitambaa," mama alisema, na alikuwa tayari ameshainamia kapu lake la mabaki. "Na wewe kijana vua hilo shati, ubaki na fulana. Mtu kalipiga pasi kwa bidii, msije mkaliharibu kwa mambo yenu."

Tulitembea kuelekea uwanjani, mimi nimevaa nguo zangu za mazoezi, yeye na suruali yake ya makali imekunjwa hadi kwenye mashavu ya miguu na raba za baba zikipiga pa pa pa. Siku nyingine ningemcheka hadi nikae chini. Jua lilikuwa limeshalegea, na upande wa pili wa uwanja nguo za walimu zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Unakumbuka siku yule wa mwaka wa kwanza alipokupita?"

"Nitaisahauje?"

"Ulikaa kwenye ngazi za bweni, hukutaka hata maji. Ukaniambia, 'Wewe peke yako ndiye hujanipita.'" Aliivuta juu suruali iliyoanza kukunjuka. "Wiki ileile miguu yangu ikaanza kufunguka. Nilikuwa naisikia kabisa. Nikasema, wote wamfanyie hivyo, lakini isiwe mimi."

"Ulinihurumia."

"Nilikupenda."

"Kwa anayepokea, vinafanana sana." Sauti yangu ilianza kutetemeka, nikaiacha itetemeke. "Unajua nimeishije mwaka huu? Naamka, nakimbia, nakusikia unahema nyuma yangu, najiambia, niko sawa, mguu upo. Nakwenda kwenye mashindano naaibika. Narudi, nakusikia unahema tena. Nilidhani nina ugonjwa, Kivuli. Nilikwenda zahanati mara mbili nikapimwa damu, sikukuambia."

Alisimama pale pale, raba moja mbele ya nyingine.

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa umejificha nyuma."

"Nisamehe."

"Bado. Kwanza kimbia."

"Sitaki kukushinda."

"Hakuna anayeshindana. Mizunguko minane, kila mtu kwa mguu wake. Nataka kukuona ulivyo. Mwaka mzima nimekimbia na mpenzi ambaye hajawahi kunionyesha mgongo."

Alitabasamu bila furaha. "Na nikishakimbia? Baba yako ameshaamua."

"Baba ameamua kuhusu yule anayenidanganya. Huyu mwingine hajamwona akiwa nami. Hata mimi sijamwona."

Baba alikuwa ametufuata. Alisimama kwenye mstari, mikono nyuma, na nilipomtazama nikitegemea amri, aliinua tu kidevu. Hakuwa na filimbi shingoni. Sikumbuki siku nyingine aliyofika uwanjani bila filimbi.

Tulianza. Mita za kwanza Kivuli alikwenda moja kwa moja mahali pake, nyuma ya bega langu la kulia, kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini.

"Nenda!" nilimwambia.

"Nakwenda."

"Huendi. Nenda!"

Akaenda. Sijui nilitegemea nini. Alinipita kwa upande wa nje, raba za baba zikipiga kelele, na kabla ya kona ya kwanza haijaisha alikuwa ameshakuwa mtu wa mbali. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na mabega yakimpanda kidogo kwenye kona. Alikuwa mzuri. Nasema tu ukweli, alikuwa mzuri hadi kifua kikaniuma. Nikamfuata kwa hasira, nikatupa miguu yote niliyokuwa nayo, na mzunguko wa pili ukanikuta nimekwisha, mdomo mkavu, mapaja mawe.

Hapo ndipo zamani ningesikia pumzi nyuma yangu na kujifariji. Nilisikiliza. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na pumzi yangu peke yake, na ilikuwa imevurugika kama ya mtu aliyepanda ngazi na mizigo.

Basi nikaipanga. Nilipunguza, nikalegeza mikono, nikaiacha pumzi irudi mahali pake. Hakuna aliyekuwa ananisukuma wala kunidanganya. Mzunguko wa tatu, wa nne, nikagundua jambo dogo ambalo lilinishangaza: sikuwa naujua mwendo wangu. Miaka yote hiyo nilijua tu kuwa niko mbele. Sasa nilikuwa nauonja, kama mpishi anayeonja chumvi, nikiongeza kidogo hapa, nikipunguza pale, na ulikuwa bado upo. Haukuwa mwendo wa kumtisha mtu. Lakini ulikuwa wangu, na ulikuwa na nafasi ya kukua.

Kwenye mzunguko wa sita nilisikia raba nyuma yangu. Pa, pa, pa. Alikuwa amenizunguka, anakuja kunipita mara ya pili. Zikakaribia, zikafika begani, upande uleule wa kulia. Kisha zikapunguza.

Nilimsikia akipunguza. Nilimsikia akihema, na safari hii alikuwa anahema kweli. Mwili wake ulikuwa umefika mahali ulipopazoea na ulitaka kubaki hapo, na nitakuwa mwongo nikisema wangu haukutaka abaki. Ungekuwa utamu tu. Tungemaliza bega kwa bega, baba angeona, na kesho asubuhi ningeamka tena bila kujijua.

"Pita," nilisema.

Raba zikabaki pale pale.

"Mpenzi wangu, pita."

Sikuwa nimewahi kumwita hivyo kwa sauti. Akapita. Safari hii sikumkasirikia mgongo ule, niliushika kwa macho, nikauacha univute. Mgongo wa mtu unavuta! Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikwenda naye kona nzima na nusu ya mnyoosho, ile sehemu isiyo na kona, kwa kasi ambayo sikuwa nimeigusa tangu nivue sare ya shule, kisha mvuto ukanikatikia, akaenda zake. Lakini nilikuwa nimeigusa.

Alimaliza yake minane mimi nikiwa na mzunguko mzima na zaidi mbele yangu. Nilimwona akisimama, mikono kiunoni, akageuka kunitafuta. Aliponiona akaanza kuja, anataka kuingia uwanjani tena aje anisindikize.

Nilimwinulia mkono. Baki hapo!

Akabaki. Hata kutoka ule upande wa pili wa uwanja niliona jinsi ilivyomgharimu, alikuwa anahama mguu huu kwenda ule kama mtu anayekanyaga kaa la moto. Baba alikuwa kando yake, mikono bado nyuma. Nikaukimbia mzunguko wangu wa mwisho peke yangu, bila haraka ya kumkimbia mtu, nikapita dirisha letu la sebuleni, mama amesimama hapo na gauni la watu begani, nikapita kona, nikaingia mnyoosho wa mwisho. Nilikuwa wa mwisho kati ya wawili, kwenye uwanja ambao sikuwahi kushindwa. Miaka yote nilipofika wa kwanza nilikuta mstari mtupu na mwalimu mwenye saa. Siku ile nilikuta mtu aliyetangulia kufika ili anipokee, na sikujua kama jambo hilo lingeweza kunifurahisha kiasi kile.

Nilijishika magoti. Kivuli aliinama nami, hakunigusa, baba alikuwepo.

"Umekimbia kweli?" nilimuuliza.

"Kweli."

"Yote?"

"Hizi raba zimenila visigino vyote viwili. Ndiyo, yote."

"Kijana!" baba aliita.

"Naam, Mwalimu."

Baba alimsogelea, akamshika bega, akalishusha chini kwa kiganja. "Hili linapanda kwenye kona. Na hili. Unapoteza nguvu bure. Kesho asubuhi njoo mapema nikurekebishe, na uje na raba zako."

"Kesho?" Kivuli alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Nije tena hapa?"

"Unajua uwanja mwingine?"

Nilijinyoosha, nikavuta pumzi. Nilingoja zamu yangu, maana haijawahi kupita siku nimekimbia mbele ya baba nisisahihishwe. "Na mimi, baba? Nimekosea wapi?"

Alinitazama. Alifungua mdomo, na nikaona maneno yote yamejaa humo, mikono, hatua, kichwa, pumzi. Akaufunga.

"Muulize kocha wako," alisema. "Mimi leo nilikuja kama mzazi." Akageuka kuelekea nyumbani, akitembea polepole kwa nje ya mistari ya chokaa.

Tulimwangalia hadi akafika mlangoni. Kivuli aliketi kwenye nyasi, akavua raba, akaanza kutoa vitambaa vya mama kimoja kimoja: cha maua, chekundu, cha maua tena. Visigino vyake vilikuwa vimechubuka hadi damu. Nikakaa kando yake, nikachukua kitambaa kimoja, nikamfunga mguu wa kulia, taratibu. Mkono wake ulikuja ukakaa juu ya wangu.

"Mzee amenikubali?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Baba hamsahihishi mtu anayetaka aondoke."

"Na wewe?" Alinibana vidole kidogo. "Wewe utanisamehe lini?"

Nilikaza fundo, nikamtazama usoni, karibu kabisa.

"Nilishakusamehe," nilimwambia. "Pale uliponipita."